Njia Inapitika

Saa kumi na moja kasoro, Konde ingali giza.
Mvua imeacha kupiga bati
lakini mchirizi haujanyamaza.
Nausikiliza kama mtu anayeonja uji kwa sikio:
mzito huu. Imenyesha nyingi.

Kasha la chanjo li tayari, vipande sita vya barafu,
barafu pekee nitakayoishika mwaka huu,
na yenyewe haina subira.
Ikifika saa nane ni maji.
Kina mama wa Makangale wameambiwa saa tatu.
Kati yangu na wao uko msitu wa Ngezi
na njia ambayo kila masika hubadili nia.

Basi napiga simu.

Kwanza Asaa, mwenye duka jirani na skuli.
"Nzuri tu, Bikombo, njoo."
Asaa hajapata kuniambia njia mbaya.
Mwaka juzi alisema nzuri, nikazama hadi kwenye injini,
akaja mwenyewe na kamba, anacheka:
"Nilisema nzuri. Sikusema kavu."

Halafu Mgeni, mlinzi wa lango la msitu,
ambaye maneno huyatoa kama chenji.
"Inapitika."
Inapitika kwa nani, Mgeni? Kwa gari la mchanga?
Kwa ng'ombe? Kwa mimi na Honda hii
ambayo tairi lake la nyuma limekwisha meno?
Kimya. Nasikia jogoo wake.
"Kwa ng'ombe," anasema.

Tope la kunata au la kuteleza?
Hilo ndilo suali, mengine yote ni salamu.
La kunata hukushika mguu likakuomba ukae.
La kuteleza halikuombi kitu.
Kinamo chekundu, kinachong'aa kama kimepakwa samli,
hicho nakijua kwa paja la kushoto,
kovu lake urefu wa kidole.

"La kunata mpaka mtondoo mkubwa," anasema Mgeni.
"Mbele ya hapo waulize tumbili."

Shaame hapigiwi simu. Shaame yupo hapa nje,
karai lake la mandazi limeshachemka,
na kazi yake ya pili ni kusoma magurudumu.
"Gari la samaki limepita alfajiri likitoka huko.
Tope hadi kwenye taa. Jekundu.
Dereva kala mandazi matano, hakusema neno."
Siku za kawaida hula mawili, na haishi kusema.

Nachanganya: nzuri ya Asaa, ng'ombe wa Mgeni,
mandazi matano ya mtu aliyenyamaza.
Napunguza upepo wa tairi.
Mama ananitazama nikifunga kasha kwa mpira.
Hasemi nisiende. Ananiletea viatu vya mvua vya marehemu baba,
vikubwa kwangu, kimoja kina ufa,
na matambara ya kujazia vidoleni.

Mgeni hakukosea. Mpaka mtondoo, tope la kunata,
magoti yanatetemeka lakini nakwenda.
Mbele ya mtondoo njia yote ni dimbwi,
limetulia, lina majani juu yake, lina adabu.
Nazima injini. Nachovya kijiti.
Dimbwi linakimeza kijiti na kiganja changu.

Nasukuma kwa ukingo wa kushoto, juu ya mizizi,
kasha nimelibeba kichwani safari ya kwanza,
safari ya pili Honda, safari ya tatu kiatu kilichobaki.

Simu inalia. Riziki, mwalimu, yuko Konde na Vespa ya kuazima:
"Umeshapita? Njia ikoje?"
Nataka kumwambia mizizi, kina, ile rangi,
namna maji yanavyotulia ili uyaamini.
Mtandao unakatika. Tope limo kwenye meno.
"Inapitika," nasema,
na sauti ile si yangu, ni ya Mgeni mtupu.

Halo? Halo, Riziki?

Naweka kasha chini kivulini, narudi nyuma,
navunja tawi bichi, nalisimika katikati ya dimbwi.
Linazama lote, majani na yote.
Navunja jingine, refu zaidi.